Ubao Ulisema "Bora Kabisa"

Ubao ulikuwa palepale pa kuingilia lifti inayowapandisha mlimani watelezaji wa skii, na maandishi yake ya kijani yalisomeka kutoka mbali. Theluji mpya: sentimita 35. Kina cha jumla: sentimita 160. Hali: bora kabisa.

Nikaupiga picha, nikamtumia rafiki yangu, nikaongeza maneno mawili ya kwangu: "Njoo kesho."

Akaja. Aliondoka kwake alfajiri kungali giza, akaendesha gari mwendo wa saa nne, akafika lifti ndiyo kwanza zinafunguliwa. Mteremko wa kwanza hakuufikisha hata katikati. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akigeuka kushoto, skii ya kulia, kile kibao kirefu cha kutelezea, ikazama chini ya kitu kilichoonekana laini kabisa, ikakwama humo, na mwili ukaendelea na safari peke yake. Alipoinuka alikuwa na theluji mpaka masikioni na skii moja mguuni. Ile nyingine tuliisaka kwa dakika ishirini, tukichomachoma chini kwa fimbo kama watu waliopoteza bomba la maji. Goti lilipona, namshukuru Mungu. Heshima yangu haikupona.

Tulipokuwa kwenye lifti tunapanda tena, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, wala hakuwa na hasira: "Kwani ndugu yangu, bora maana yake nini?"

Nikajibu kitu. Sikikumbuki. Nakumbuka tu kwamba kilikuwa na namba ndani yake.

Swali lile limenikaa rohoni wiki sita sasa.

Sentimita 35 za nini?

Siku za mwanzo nilijifariji kwa kukilaumu kituo cha skii. Wanadanganya hawa, nikasema. Wanataka kuuza tiketi.

Na si kwamba sikuwa na pa kushika. Kuna wachumi wawili wa chuo cha Dartmouth, Marekani, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, waliochukua taarifa ambazo vituo vya skii hutoa vyenyewe kuhusu theluji mpya, wakakuta kwamba mwisho wa wiki theluji "huanguka" zaidi kuliko katikati ya wiki, tofauti ikifika asilimia 23. Mawingu hayajui Jumamosi ni lini. Wauza tiketi wanajua. Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi chumvi hiyo ilivyopungua: watelezaji walipopata programu ya simu ya kuandika walichokikuta mlimani siku ileile, vituo vikaanza kusema ukweli, hasa pale ambapo mtandao wa simu ulishika vizuri.

Ila sisi hatukudanganywa. Nilikwenda mwenyewe kwenye kipimo chao: kibao cheupe kilicholazwa chini, na kijiti chenye alama za sentimita kimesimama juu yake. Wakishapima, wanakifuta, kinasubiri theluji nyingine. Namba ilikuwa ya kweli.

Ndipo nikaona kibao kimewekwa wapi. Kilikuwa kwenye uwazi mdogo katikati ya misonobari, mahali ambapo upepo haufiki. Na lazima kiwekwe pahali kama hapo, maana ukikiweka kwenye ukingo wa mlima utapima upepo badala ya theluji. Lakini maana yake ni kwamba zile sentimita 35 zilikuwa za pale chini ya miti tu. Mita mia tatu juu yake upepo ulikuwa umekwangua mgongo wa mlima mpaka barafu ya zamani ikaonekana, na kila ulichokwangua ukakirundika upande wa pili, pengine kufika kiunoni.

Halafu kuna jambo ambalo kijiti hakilipimi kabisa: uzito.

Kwa makadirio ya haraka, sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyuka hutoa sentimita moja ya maji. Makadirio tu. Theluji nyepesi sana hutoa nusu ya hapo, na theluji iliyolowa huzidisha mara mbili. Eneo la Mount Baker, jimbo la Washington, ndilo lenye rekodi ya theluji nyingi zaidi kwa msimu mmoja: msimu wa 1998 hadi 1999 ziliangukia inchi 1,140, karibu mita 29. Lakini milima ile iko karibu na bahari, theluji yake mara nyingi huanguka joto likiwa limekaribia sifuri, nzito na yenye maji, na wenyeji wenyewe huiita saruji. Ukiingia ndani bara, Alta katika milima ya Utah, theluji mpya kwa wastani ina maji karibu asilimia 8 tu. Watu huvuka bahari kwenda kuikanyaga hiyo.

Kwa hiyo nikapata jibu langu la kwanza: theluji bora ni nyepesi na kavu. Nikamwandikia rafiki yangu. Nilijisikia msomi.

Nilikuwa nimekosea tena.

Keki iliyopinduliwa

Kosa lilijitokeza nilipoanza kuikumbuka ile siku kwa makini. Theluji iliyommeza rafiki yangu *ilikuwa* nyepesi. Ile ya chini, yaani. Tulipokuwa tukifukua ile skii, nilikuwa nikizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, na huko chini vidole viliogelea kwenye kitu chepesi kama sufi. Tabu ilikuwa juu.

Dhoruba ilikuwa imeanza na baridi kali, ikashusha theluji laini siku nzima. Usiku, baada ya mimi kupiga ile picha, joto likapanda na upepo ukaamka. Theluji ya mwisho ilianguka nzito, na upepo ukaishindilia. Asubuhi mlima ulikuwa na godoro la sufi lililofunikwa ubao.

Skii inavunja ubao, inazama kwenye sufi, ikitaka kutoka inakuta ubao uko juu yake. Mtu anaruka.

Dhoruba njema huenda kinyume chake. Inaanza na uvuguvugu, theluji nzito kidogo inashika ile ya zamani na kuziba mashimo. Kisha hewa baridi inaingia, na kadiri saa zinavyokwenda theluji inazidi kuwa nyepesi mpaka mwisho. Nzito chini, nyepesi juu. Skii inapita kwenye wepesi lakini chini yake kuna kinachoibeba. Wanaoujua mlima wa Utah husema siri yao si ule ukavu peke yake, bali ni huo mpangilio, unaotokea kwao mara kwa mara kwa sababu ya jinsi dhoruba zao zinavyomalizika. Theluji kavu tupu isiyo na kitu chini yake hukupitisha moja kwa moja hadi kwenye mawe.

Hapa ndipo fikra yangu ilipogeuka. Nilikuwa nikiuliza theluji ni kiasi gani, nikahamia kuuliza ni ya aina gani, na kumbe swali ni kilianza nini, kikafuata nini. Chukua vitu vilevile, baridi ileile, maji yaleyale, ubadilishe zamu tu, unapata siku ya maisha yako au dakika ishirini za kutafuta skii.

Siku hizi kabla ya kuteleza nageuza fimbo juu chini, nausukuma mpini polepole ndani ya theluji. Ukiingia kwa ulaini na kuzidi kukaza kadiri unavyoshuka, natabasamu. Ukigoma kwanza halafu ukatumbukia ghafla, natafuta njia nyingine.

Ubao wa pale chini hauna nafasi ya kuandika hayo.

Maneno tunayo

Niliwahi kudhani kwamba Kiswahili hakina la kusema hapa. Tuna theluji, tuna barafu, basi. Lakini nilipojaribu kumweleza rafiki yangu kilichomwangusha, maneno yalikuja yenyewe, tena kutoka jikoni na shambani.

Ile laini inayofukuka ukiikanyaga: *tifutifu*, kama udongo uliolimwa vizuri. Gamba la juu lililogandishwa na jua, mvua au upepo: *ukoko*. Sijaona neno linalokaa vizuri kuliko hilo, maana ukoko ni mgumu, ila huu wa mlimani umepinduka: ulaini uliokudanganya uko chini yake. Theluji ya mchana wa joto: *rojorojo*. Na ile ya majira ya kuchipua, ambayo imeyeyuka na kuganda mara nyingi hadi ikawa punje za duara zinazomwagika: *chenga*.

Nikamwandikia: ulipigwa na ukoko juu ya tifutifu. Akaelewa papo hapo. Kurasa mbili nilizomtumia kabla hakuwa amezimaliza.

Barua

Ili kuwe na tifutifu lazima mawingu yafanye kazi yake. Kuna mtu mmoja nisiyeweza kumruka hapa, Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa kisiwa cha Hokkaido, Japani. Mwaka 1936 alifanikiwa kuotesha fuwele ya theluji ndani ya maabara ya baridi, ikining'inia kwenye unyoya wa sungura. Alibadilisha joto, akabadilisha unyevu, akatazama umbo likibadilika: mara sindano, mara bamba, mara safu. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, unyevu ukiwa wa kutosha, zikatoka nyota zenye matawi sita.

Hizo nyota ndizo tunazozitaka. Matawi yake yanaegemeana bila kulala, na katikati yanaacha hewa. Theluji tifutifu kwa sehemu kubwa sana ni hewa.

Nakaya alikuwa akisema theluji ni barua iliyotumwa kutoka mbinguni. Ukilitazama umbo la fuwele unasoma hali ya hewa ilivyokuwa huko juu ilikoumbwa. Na kisiwa chake kinapokea barua nyingi kwelikweli: hewa ya baridi kutoka Siberia inavuka Bahari ya Japani, inabeba unyevu, inagonga milima, na inamwaga. Kilele cha Annupuri pale Niseko kina mita 1,308 tu, ambazo kwa milima ya Alps si kitu, na bado watu wanazama mpaka kifuani.

Upepo ukiichukua barua hiyo na kuiburuza ardhini, matawi yanavunjika. Vipande vinashikana vizuri kuliko nyota nzima. Unapata ubao. Ndiyo maana siku hizi, nikiona utabiri wa theluji nyingi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni upepo.

Haitulii

Lilinichukua muda kukubali kwamba theluji iliyolala mlimani bado inatembea. Nilifikiri ikishaanguka imemaliza, inasubiri tu kuyeyuka. Kumbe kila wakati iko karibu na joto lake la kuyeyukia, hata katika baridi inayotukausha midomo, na punje zake hazikai kimya. Matawi yanasinyaa, ncha zinakuwa duara, punje zinajengeana madaraja madogo. Theluji ya jana, imejikusanya kidogo, mara nyingi inabeba skii vizuri kuliko ya saa moja iliyopita.

Hata njia zilizosawazishwa zinaishi kwa kanuni hiyo. Ule mtambo mkubwa unaopanda na kushuka usiku ukiacha mistari kama ya kitambaa cha kodrai unavunja theluji na kuichanganya. Kinachoigeuza njia kuwa imara ni saa za baridi zinazofuata, madaraja yakijijenga. Sasa fikiria kazi ya dereva wake. Akipita jioni, theluji inapata usiku mzima wa kukaza, lakini ikianguka mpya usiku wa manane kazi yake imefukiwa. Akipita alfajiri, ile mpya inachanganyika vizuri, ila njia inafunguliwa haijakomaa, na kufika adhuhuri imekuwa vichuguu. Akipita theluji ikiwa imelowa halafu baridi ikashuka, asubuhi mnakuta mabonge magumu yanayogongana na skii kama kokoto. Nilikuwa namwona kama mtu wa kufagia. Sasa nikikuta mistari inayolia kwa upole chini ya skii, najua kuna mtu jana alikisia anga akapatia.

Kuna upande mwingine wa kutotulia, nao si wa mchezo. Wakati mwingine ndani ya rundo la theluji hujengeka tabaka dhaifu la punje kubwa zisizoshikana, na theluji mpya ikilala juu yake kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, kinachosubiriwa ni kisababu tu. Siku ya kwanza na ya pili baada ya dhoruba ndizo siku tunazozililia, na ndizo siku maporomoko yanapoua. Tulikuwa tukinung'unika kwenye foleni, lifti ya juu imefungwa, huku milipuko ikisikika kutoka kileleni: kikosi cha doria kikiangusha maporomoko kwa makusudi kabla watu hawajapanda. Sinung'uniki tena. Naichukulia ile milipuko kuwa sehemu ya hali ya theluji, sawa na baridi.

Bora kwa nani?

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikaenda kutazama vijana wa mashindano wakifanya mazoezi, na kila nilichojifunza kikapinduka.

Njia yao ilikuwa imemwagiwa maji. Si kwa bahati mbaya. Katika mashindano makubwa maji hupigwa kwa shinikizo ndani kabisa ya theluji ili igande ikawe karibu barafu tupu. Sababu ni haki: juu ya theluji laini, anayeshuka wa kwanza anakuta njia safi na wa thelathini anakuta mitaro. Juu ya kitu kigumu kama kile, wote wanapata karibu njia moja. Tifutifu ninayoiota mimi, kocha wao angeitazama kama uchafu wa kuondolewa kwa koleo.

Hata theluji ya mashine, ambayo nilikuwa naidharau, hao wanaipenda. Matone ya maji yanarushwa hewani, yanaganda kuanzia nje kwenda ndani, yanaanguka kama vijipunje vya duara visivyo na matawi. Inajipanga kwa msongamano, ni nzito mara kadhaa kuliko ile ya asili, na inadumu. Mashindano ya theluji ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 yalifanyika karibu yote juu yake. Haina barua yoyote ndani, ila inafika siku iliyoahidiwa.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza naye hataki tifutifu wala barafu. Anataka theluji iliyosawazishwa, baridi ya wastani, isiyomkimbiza. Baridi ikizidi sana, nyuzi 20 chini ya sifuri na kushuka, theluji inakuwa kama mchanga, skii zinakwaruza badala ya kuteleza, na mtu anajiona yeye ndiye mbovu. (Na ukungu ukishuka, hata theluji ya peponi haina faida. Nimewahi kusimama nikidhani natembea.)

Rafiki yangu, kwa mfano, ni hodari kwenye njia zilizosawazishwa, na hakuwa ameteleza kwenye theluji ya kina zaidi ya mara mbili maishani. Nilijua. Siku ile hata kama dhoruba ingejipanga sawasawa, nzito chini na nyepesi juu, bado "njoo kesho" ungekuwa wito wangu mimi kwa starehe yangu mimi.

Hili ndilo lililoniuma kuliko lile la namba. Wiki zote hizo nilikuwa nachimba upepo, joto na fuwele, na sehemu yangu moja ilikuwa inatafuta mshtakiwa asiyekuwa mimi.

Saa nne asubuhi

Siku bora kuliko zote msimu huu ubao haukuisifu. Theluji mpya: sifuri. Hali: wastani.

Ilikuwa mwisho wa majira ya baridi. Usiku anga lilikuwa wazi, halina hata wingu moja, na theluji iliyolowa mchana ikapoteza joto lake lote kuelekea angani, ikaganda ngumu. Saa mbili asubuhi mlima ulikuwa sahani. Waliopanda saa hiyo walikwaruza mpaka chini wakaingia kunywa chai. Nami nilikwaruza mara moja, nikakaa kwenye benchi nikisubiri, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa ratiba ya jua.

Upande wa mashariki unapata jua kwanza. Baadaye wa kusini, kisha wa magharibi. Jua linalainisha sentimita chache tu za juu, chini bado ni jiwe. Ndani ya muda huo mfupi, pengine saa moja kwa kila upande, unateleza juu ya chenga zinazomwagika kama shanga, na skii inashika popote unapoitaka ishike. Ukiwahi ni barafu. Ukichelewa ni rojorojo, inazivuta skii kwa nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda.

Nilianza mashariki saa nne. Nikaufuata mlima ukizunguka na jua mpaka saa saba, karibu peke yangu.

Jioni ile rafiki yangu akaniandikia, mara ya kwanza tangu siku ya goti kuuliza habari za mlima. "Vipi theluji huko?"

Nikaandika ujumbe mrefu. Nikaeleza usiku wa wazi, pande za mlima, chenga, mpini wa fimbo, na kwamba kwa kuwa yeye anapenda njia zilizosawazishwa, kuna moja upande wa mashariki ambayo haina mwinuko mkali. Nikaeleza kwamba utabiri wa siku mbili zijazo unafanana na wa leo, lakini Alhamisi kuna wingu la usiku, na wingu la usiku ni kama blanketi, theluji haitaganda, kwa hiyo Alhamisi asifikirie kabisa.

Alisoma. Ikapita dakika nzima.

"Nimekuuliza nije au nisije?"

"Njoo Jumatano," nikaandika. "Ila usiharakishe. Fika saa nne."